Wamekariri nyota, basi na pete, lakini waya mmoja ukikatika wananyamaza

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha somo la kompyuta kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata wilayani Mpwapwa. Darasa moja lina wanafunzi 58, kompyuta zinazowaka ni tatu, na tuna swichi ndogo ya kuunganishia kompyuta, yenye poti (matundu ya kuchomeka nyaya) nane. Maumbo ya mtandao nimeyafundisha kwa michoro ubaoni. Kila mmoja anachora nyota, basi, pete na wavu bila kukosea, na faida na hasara wanazitaja kama sala. Juzi nikauliza: waya huu ukikatika, nani atabaki na mawasiliano? Kimya. Mmoja akasema, 'Itategemea mwalimu, mchoro upi.' Halafu vijana watatu wakataka kutengeneza pete kwa vitendo. Walichukua waya wa ziada wakachomeka ncha zote mbili kwenye swichi ileile. Dakika haikuisha, printa na intaneti ya ofisini vikaganda. Mkuu anaamini wameunguza swichi, na sasa tumekatazwa kugusa vifaa. Ni nini kilitokea? Nifundisheje mada hii bila kompyuta? Na kuna haja gani ya kufundisha basi na pete ambazo mimi mwenyewe sijawahi kuziona kwa macho?"*

Mwalimu mwenzangu, nianze na swichi, maana najua roho yako iko huko, na huenda vijana wale watatu bado wanatembea shuleni wameinamisha vichwa. Hawajaunguza kitu. Chomoa ule waya wa ziada, zima swichi, hesabu hadi kumi, iwashe tena. Itarudi kazini kama haikuwahi kuugua.

Kilichotokea ni hiki. Kompyuta inapotaka kuzungumza na printa ambayo haijui ilipo, hupiga mbiu: "Mwenye anwani hii ni nani?" Mbiu haina mlengwa mmoja, kwa hiyo swichi huinakili na kuitoa katika kila poti isipokuwa ile ilikoingilia. Ndivyo ilivyoundwa, na siku za kawaida ni utaratibu mzuri. Sasa tuseme vijana waliunganisha poti ya 6 na ya 7. Mbiu ikatoka poti ya 6, ikapita kwenye waya, ikaingia poti ya 7. Swichi haikumbuki kwamba imeshaiona. Ikaipokea kama mgeni mpya, ikainakili tena kwa wote, poti ya 6 ikiwemo, na safari ikaanza upya. Wakati huohuo nakala nyingine ilikuwa inazunguka kwa kuelekea upande wa pili. Jumbe za ngazi hii hazibebi hesabu ya mizunguko, kwamba nikizunguka mara kadhaa nife. Hazichoki wala hazifi. Kila mzunguko unamwaga nakala nyingine kwenye poti zote, mpaka nyaya zinajaa mbiu tupu na ujumbe wa printa unakosa pa kupita. Mafundi huiita dhoruba.

Swichi kubwa za maofisini zina kinga. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alibuni utaratibu unaoziwezesha swichi kugundua mzunguko wa namna hii na kufunga mlango mmoja zenyewe. Swichi nyingi ndogo za bei rahisi hazina kinga hiyo. Kwa hiyo mweleze mkuu kwamba vijana wake wamerudia kosa ambalo watu wazima wenye vyeti hulifanya kila mwaka, kwa sababu tu waya ulionekana unaning'inia na poti ilikuwa wazi. Mimi nimelifanya. Ilikuwa ofisi ya watu, siku ya mwisho wa mwezi, na sitasema zaidi.

Usiliache tukio hilo lipite hivihivi, maana limebeba tatizo zima la darasa lako. Vijana waliona pete. Waya ulitoka hapa ukazunguka ukarudi hapa, na kwa macho ile ni pete kamili. Ila ujumbe haukupita kama unavyopita kwenye mtandao wa pete. Umbo la waya ni jambo moja na njia ya ujumbe ni jambo lingine. Michoro ya ubaoni inafundisha la kwanza peke yake, na wanafunzi wanaondoka wakiamini kwamba topolojia, yaani maumbo haya ya mtandao, ni somo la kuchora.

Mifano ya tofauti hiyo iko mingi. Miaka ya 1980 kampuni ya IBM ilitoa mtandao uliokwenda kwa pete, ukiitwa Token Ring. Ungeingia kwenye chumba chenye mtandao huo ungeona nyota: kila kompyuta ina waya unaokwenda kwenye kisanduku kimoja. Mzunguko ulikuwa ndani ya kisanduku. Habu, visanduku vya kuunganishia kompyuta vilivyotangulia swichi, zilikuwa kinyume chake. Nyaya zilikaa kama nyota, lakini ujumbe wa mmoja uliwafikia wote, sawasawa na basi. Ukimwonyesha mwanafunzi picha ya vyumba hivyo viwili, atakujibu "nyota" mara mbili, na mara zote mbili atakuwa amejibu nusu ya swali.

Kuna kosa la pili ambalo nakuomba ulisake kwenye madaftari yao, kwa sababu hulikuta karibu kila shule. Katikati ya nyota vitabu vingi huchora kompyuta kubwa, na wanafunzi wanaipa cheo: ndiyo seva (kompyuta inayohudumia nyingine), ndiyo bosi, wengine wanaomba ruhusa kwake. Katika mitandao tunayoijenga leo, katikati kuna swichi, kijisanduku kisicho na kioo wala kibodi. Seva, kama ipo, imekaa kwenye ncha ya mguu mmoja kama kompyuta nyingine yoyote. Chukua swichi yenu, hata kama haijachomekwa umeme, wapitishie mikononi waishike. Ikishashikwa na watu 58, hakuna atakayeichora tena kama kompyuta.

Sasa kuhusu kufundisha bila vifaa. Ningeanza na hotspoti. Simu haziruhusiwi shuleni, ndiyo, lakini nyumbani nani hajawahi kuomba hotspoti ya kaka yake? Waulize: kaka akitoka kwenda dukani na simu yake, nini kinatokea? Wote wanakatika. Na simu ya mdogo wenu ikizima chaji? Anakatika yeye peke yake, wengine mnaendelea. Hiyo ndiyo nyota, faida yake na hasara yake, na hujaandika kitu ubaoni. Barabara nazo zinasaidia: basi la Kondoa kwenda Iringa sharti lipite Dodoma mjini, na la Singida kwenda Morogoro vilevile. Njia ya Mtera ikifungwa, wa Iringa ndiye anayekwama. Dodoma mjini pakifungwa, kila mtu anakwama.

Halafu watoe nje. Unahitaji kamba ya katani, mkasi, na vipande vya karatasi. Chagua wanafunzi wanane wawe kompyuta, kila mmoja na jina lake kifuani. Waliobaki 50 usiwafanye watazamaji, kwani watazamaji huanza kupiga soga dakika ya tatu. Kazi yao ni kutabiri. Kabla hujakata kamba yoyote, kila mmoja anaandika kwenye daftari nani atabaki na mawasiliano na nani hana. Baada ya hapo ndipo unakata. Usikate kabla hawajaandika, hata wakikusihi, kwa sababu mtoto aliyeandika jibu lisilo sahihi kisha akaona kamba inaanguka atalikumbuka kosa lake mpaka siku ya mtihani. Aliyetazama tu atasema alijua tangu mwanzo.

Kwenye nyota, mwanafunzi wa tisa anasimama katikati akiwa na daftari. Yeye ni swichi. Ujumbe wa kwanza ukitoka kwa Neema kwenda kwa Chilewa, swichi bado haijui Chilewa yuko kamba gani, kwa hiyo inanakili karatasi na kuwapa wote isipokuwa Neema. Lakini wakati huohuo inaandika: "Neema, kamba ya kwanza." Chilewa akijibu, inaandika na yake, na jibu linakwenda moja kwa moja kwa Neema bila kumsumbua mtu. Baada ya jumbe sita au saba swichi inajua karibu kila mtu alipo, na zogo linapungua mbele ya macho yao. Hivi ndivyo swichi halisi inavyojifunza anwani, na sijaona mchoro unaoweza kulionyesha hilo. Mchague mtoto mwenye mwandiko wa haraka.

Umbo la basi, yaani waya mmoja unaopita kwa wote, ndilo linalohitaji uangalifu, na hapa mfano unaopendwa na wengi unapotosha. Kwa kuwa uko Mpwapwa, utashawishika kutumia reli ya kati: njia moja, stesheni zimejipanga, na mafuriko yakisomba tuta kati ya Kilosa na Gulwe safari zinakatika. Wanafunzi wataelewa papo hapo, kisha watahitimisha vibaya. Watasema treni ya kutoka Kigoma bado inaweza kufika Dodoma, na ya kutoka Dar es Salaam bado inaweza kufika Kilosa, kwa hiyo basi likikatika katikati unapata mitandao miwili midogo inayoendelea na kazi. Kwa reli ni kweli. Kwa waya wa basi si kweli, vipande vyote viwili vinakufa.

Sababu yake iko kwenye umeme. Ethernet, aina ya mtandao wa waya tunaoutumia hadi leo, ilipozaliwa mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox kule California, Robert Metcalfe na David Boggs walitumia waya mmoja uliopita kwenye kompyuta zote. Ule mwembamba uliokuja baadaye uliruhusiwa kufika mita 185 na kubeba hadi vifaa 30 kwa kipande kimoja, na kila ncha ilifungwa kizibo chenye ukinzani wa omu 50. Kizibo hicho kilimeza ishara inapofika mwisho. Bila kizibo ishara hugonga ncha na kurudi kama mwangwi, ikagongana na ishara zinazokuja. Ukikata waya katikati umetengeneza ncha mbili mpya zisizo na vizibo, mwangwi unajaa pande zote, na hakuna kompyuta inayomsikia mwenzake. Waonyeshe kwa kamba ndefu: funga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, shika nyingine, itikise mara moja kwa nguvu. Wimbi litakwenda mpaka dirishani na kukurudia mkononi.

Hapo nitajibu swali lako la kama kuna haja ya kufundisha vitu usivyoviona. Ningekuwa muongo kusema utakuta basi la namna hiyo ofisi yoyote ya Dodoma leo. Nilipoanza ufundi nililikuta moja, linakwama kila mtu wa usafi anaposogeza meza, kwa sababu kizibo kilikuwa kimelegea nyuma ya kabati. Kwa ujenzi wa sasa ni nyota, na nyota zilizounganishwa na nyota. Lakini basi linafundisha jambo ambalo bado tunaishi nalo, yaani watu wengi kugawana njia moja. Hotspoti ile ya kaka, ukitazama njia za ujumbe, ni nyota. Ukitazama hewa, wote wanazungumza katika chumba kimoja na lazima wapishane. Kwa hiyo cheza basi uwanjani hivi: wote wanashika kamba moja, anayetaka kusema anasikiliza kwanza kama kuna ukimya, wawili wakianza pamoja wote wananyamaza, na kila mmoja anachomoa kikaratasi chenye namba ya sekunde za kusubiri. Namba zikiwa tofauti, wanapishana. Watoto watauliza kwa nini wasingesubiri sekunde sawa. Waache wajaribu, wagongane tena na tena, wacheke.

Jina lenyewe, kwa njia, linawachanganya kwa kuwa wanafikiria basi la abiria. Usiwakemee. Yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kilatini lenye maana ya "kwa wote".

Pete haichukui muda. Tumia kijiti kimoja: asiyekuwa nacho hasemi, na ujumbe unakwenda upande mmoja mpaka umfikie mwenyewe. Kata sehemu moja, wote wananyamaza. Lakini usiishie hapo kama vitabu vinavyoishia, kwa sababu watadhani pete ni umbo la kijinga ambalo hakuna mwenye akili angelijenga. Waruhusu wapitishe ujumbe pande zote mbili, kisha kata tena sehemu moja. Ujumbe unageuka na kupita upande wa pili. Kwa sababu hiyo nyaya kubwa za nchi hupenda mizunguko: Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipangwa kwa mizunguko ya kaskazini, kusini na magharibi, ili trekta likikata faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga) mahali pamoja mkoa usizime. Pete hujaiona chumbani, Mwalimu, ila ujumbe ulioniandikia huenda ulipita juu ya moja.

Wavu tumia kupeana mikono. Wanafunzi watano, kila mmoja ampe mkono kila mwenzake, hesabu: mikono 10. Wanane: 28. Kisha waulize darasa zima la 58, wasihesabu kwa kupeana mikono maana kipindi kitaisha, watafute kanuni. Kila mtu ana wenzake 57, zidisha 58 kwa 57, gawa kwa mbili kwa kuwa kila mkono umehesabiwa mara mbili: nyaya 1,653. Mwalimu wa hisabati atakushukuru. Wakiiona namba hiyo wataelewa bila kuambiwa kwa nini wavu kamili haujengwi darasani, na kwa nini intaneti ni wavu wenye mapengo. Mapengo hayo yana gharama: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania nzima na kwa majirani. Njia nyingine zilikuwepo, ila zilikuwa chache kwa mzigo ule.

Kuhusu programu za kuigiza mtandao, nitakwambia ninavyoona. Packet Tracer ya kampuni ya Cisco ni nzuri na haiuzwi, lakini inataka akaunti, ina vitufe vingi mno, na kwa mtoto wa kidato cha kwanza kipindi kizima kitaishia kwenye kutafuta kitufe. Filius ni nyepesi zaidi, imetengenezwa kwa ajili ya shule, na ukishaipakia haihitaji intaneti. Kwa kompyuta tatu na watu 58, mimi ningeitumia Filius mwishoni mwa mada, kwa vikundi, au kwa projekta ukipata ya kuazima. Isichukue nafasi ya kamba. Na lugha: upimaji wa kidato cha pili utakuja kwa Kiingereza, hilo hatuwezi kulikwepa, lakini jambo lieleweke kwa Kiswahili kwanza, kisha jina la Kiingereza libandikwe juu ya kitu kinachojulikana. Wanafunzi wako wamefuata njia ya kinyume, ndiyo maana walinyamaza.

Kuna mahali ambapo ushauri wa maandishi hautoshi. Ukifika wakati wa kuvuta waya kutoka chumba cha kompyuta hadi jengo la utawala, usifanye mwenyewe wala usiwape vijana. Waya wa shaba wa kawaida wa mtandao una kikomo cha mita 100, lakini hofu yangu kubwa zaidi ni radi. Mvua za Desemba hadi Aprili huku kwetu haziji kimya, na waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unaweza kuingiza umeme wa radi kwenye vifaa vya pande zote na kwenye mkono wa mtoto. Kazi hiyo mara nyingi hutaka faiba, na hutaka mtu aje aone eneo kwa macho. Anza na afisa TEHAMA wa halmashauri. Waulize pia wakufunzi wa kompyuta katika chuo cha ualimu hapo Mpwapwa mjini. Vilevile Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa kompyuta wanaohitaji mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, na barua ya mkuu wako inaweza kumleta mmoja kwa wiki chache. Kama swichi haiwaki taa hata baada ya kufanya nilivyosema, au adapta yake inanuka kuungua, hapo ni umeme, si waya wa vijana. Usiifungue, mpe fundi.

Na kuhusu lile katazo, sidhani kama utalivunja kwa maneno. Mwombe mkuu dakika kumi tu. Iweke swichi mezani, isiunganishwe na ofisi kabisa, na kompyuta zako tatu. Tuma faili kutoka moja kwenda nyingine, mwonyeshe taa zinavyopepesa kwa zamu. Kisha waite vijana wale watatu wachomeke waya uleule, ncha zote mbili. Muda si mrefu taa zote zitaanza kuwaka kwa fujo pamoja, na faili litakwama. Mwache mkuu mwenyewe auchomoe. Mpaka siku hiyo, waya huo kaa nao wewe, kwenye droo yenye kufuli.